Barua kwa mwanangu aliye Doha

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, nikaurudia usiku watu walipolala. Unauliza uvunje mkataba wa kazi urudi Jinja ukae nami mpaka dawa za hii saratani ya titi ziishe, au ubaki huko uendelee kutuma pesa. Dada yako anasema nikujibu kwa sauti vilevile, lakini dawa imenitoa vidonda mdomoni, kusema sana kunauma. Basi naandika. Nawe unanijua, nikishika kalamu sijui kufupisha.

Pesa zinafika. Dawa zenyewe pale hospitali ya Mulago, Kampala, napewa. Kinachotumaliza ni nauli, chakula, na vile vipimo unavyoambiwa kafanye nje ya hospitali. Hilo limekwisha.

Utaratibu ni huu. Kila baada ya wiki tatu naenda kutiwa dawa. Kwanza wanatoa damu waangalie chembe nyeupe. Zikiwa chini unarudishwa nyumbani ule, upumzike, ujaribu tena. Ile dawa nyekundu dada yako anaiita Mirinda, kama ile soda. Muuguzi anaisukuma polepole kwa bomba la sindano, macho yake hayatoki kwenye mshipa, na siku hiyohiyo unakojoa rangi ileile. Nywele ziliondoka mapema, sikuzililia. Kibaya ni njia ya kurudi. Taksi ikifika Namawojolo, wale vijana wanajaza madirisha kuku wa kuchoma na gonja, zile ndizi za kuchoma, na unajua nilivyowazoesha ninyi kwamba mama hatoki Kampala mikono mitupu. Sasa harufu ile ikiingia nafungua kavera, mfuko wangu wa plastiki, nitapike. Dada yako anawapigia kelele abiria wafunge vioo, jua lote lile, na wanafunga, Mungu awabariki.

Lakini hayo nayaweza. Kinachonishinda ni nyumba. Walipotoa titi walitoa na tezi za kwapani, kwa hiyo mkono wa kushoto haubebi jerikani, haupimwi presha, na nikiwa kwenye sigiri niuangalie usiungue, usije ukavimba. Mjukuu mwenye mafua haruhusiwi kunikaribia. Juzi yule mtoto mdogo wa dada yako alisimama mlangoni, kamasi imefika mdomoni, mikono ameinyoosha. Mimi, niliyewafuta ninyi wote kwa pindo la leso, nikamwambia, "Nenda kwa mama yako." Alilia mpaka akakohoa. Nikakaa kitandani nikijiuliza mama huwa anabaki na nini akishanyang'anywa kubeba na kufuta.

Najua wanaume hampendi kuandikiwa habari za titi la mama. Vumilia. La kushoto ndilo ulilolitaka wewe. Nikikupa la kulia unageuza uso, baba yenu anacheka, anasema huyu ameanza kuchagua kabla ya meno. Ndilo lililokwenda. Shangazi yako alikuja hapa na ule mdomo wake, akasema kunyonyesha kwingi ndiko kulikoleta. Nilimuuliza daktari. Akasema ni kinyume, kunyonyesha hupunguza hatari kidogo. Kwa hiyo hukuniponza. Wala usisikilize wanaosema kitu hiki kiko katika damu yetu kwa kuwa bibi yako naye aliugua. Yake ilikuwa ya shingo ya kizazi, ambayo huletwa na kirusi, na ndiyo sababu tangu 2015 serikali inawachanja wasichana wa miaka 10. Nimemsisitiza dada yako kuhusu binti yake. Yangu na ya bibi yako hazina undugu.

Nilikuwa naelekea kwa bibi yako tangu mwanzo.

Mwaka 2016 ulikuwa S4, kidato cha nne, mwaka wa mtihani. Unaikumbuka posho, ule ugali uliyoupika ukawa uji, mkaula hivyohivyo na maharagwe ya baba yenu. Mimi sikuwapo. Bibi alikuwa ameandikiwa mionzi, na mwezi Machi ile mashine ya mionzi ya Mulago, moja tu nchi nzima, iliyokuwa inatumika tangu 1995, ikafa. Nyingine ilikuja kuzinduliwa 2018, na ugonjwa haungoji. Baadaye tukasikia wagonjwa 400 watatibiwa bure Nairobi, hospitali ya Aga Khan, lakini hatukukaa kungoja kama jina lake litakuwamo. Mjomba wako aliuza kile kiwanja cha Buwenge, tukapanda basi la usiku, tukavuka mpaka wa Busia gizani, bibi amelala mapajani mwangu kama mtoto wa kunyonya.

Mionzi ni Jumatatu hadi Ijumaa, wiki baada ya wiki. Tulipata chumba Eastleigh kwa mama mmoja aliyekulia hapahapa Walukuba, baba yake alikuwa kiwanda cha nguo cha Nytil pamoja na babu yenu, akatupunguzia kodi. Kila asubuhi, kabla ya chai, bibi yako alikuwa na swali moja:

"Watoto umewaachia nani?"

"Baba yao."

"Na baba yao umemwachia nani?"

Kila siku! Siku za mionzi zilizobaki hakuziuliza hata mara moja.

Na hakukubali nimwogeshe. Alijikokota mwenyewe na beseni lake, mlango anafunga kwa ndani. Mionzi ikaja ikamchoma huku chini, ngozi ikachubuka, akawa hawezi kuinama. Jioni moja akaniita, akaketi kwenye kigoda, akanyoosha miguu bila kunitazama. Nikaanza na nyayo. Zilikuwa na nyufa za shamba, udongo wa miaka umeingia humo ukakataa kutoka, nami nikasugua kwa bidii kama mtu anayetaka kusifiwa. Akasema, "Wewe, hiyo si sufuria." Nikacheka. Naye akacheka, akaegemea nyuma, mguu ukapiga beseni, maji yote sakafuni, mwenye nyumba anagonga mlango akidhani mgonjwa ameanguka. Tumekaa kwenye maji yale, akanishika sikio kama nilivyokuwa mdogo, akasema, "Sikukuzaa uwe bima yangu."

Kumbe ndipo nilipoutoa msemo ambao ninyi mmeuchoka. Mtoto si bima. Niliwaambia mlipopata kazi, nikakuambia wewe uwanja wa ndege Entebbe ukiwa na begi lako, na bado nausema.

Tuliporudi kulikuwa na kikao cha ukoo. Mkubwa mmoja, simtaji, akasimama mbele ya watu akasema mwanamke anayemwacha mtoto wa mtihani akaenda kutembea Nairobi asije akalia mtoto akifeli. Kutembea! Sikumjibu, kwa sababu bibi yako alikuwa ameketi nami mkeka mmoja, na bado alikuwa anakaa kwa upande. Ulifaulu, daraja la pili, na yule mzee hakuja kufuta neno lake. Tukikutana arusini namwamkia, namuuliza hali ya ng'ombe wake. Lakini neno lile liko hapa, mwanangu, halijasogea, na bibi yako ana miaka kaburini.

Nikilala na dripu mkononi huwa nabishana na yule mzee kichwani. Namwambia, mama yangu alinihitaji. Kisha nasema kweli, kwa kuwa hakuna anayesikia: hakuna aliyeniita. Mjomba wako angeweza kwenda. Shangazi yangu wa Tororo alikwishafunga mzigo. Mimi ndiye nisiyeweza kulala Walukuba huku nikijua yeye yuko kule anajikokota na beseni. Nilikwenda kwa haja yangu. Yeye alinivumilia.

Ndiyo maana swali lako nimeligeuzageuza. Unataka nikuambie kama nakuhitaji. Hilo mgonjwa hawezi kulijibu vizuri: akisema ndiyo amekufunga, akisema hapana amedanganya. Ungeniuliza kama wewe unaweza kulala huko, ningekuambia jiulize mwenyewe, na jibu lolote utakalopata mimi halitanikwaza.

Mtoto si bima. Basi baki. Umebakiza mwaka mmoja, ukivunja mkataba tiketi ni juu yako, na vijana wa hapa mtaani wanaitafuta nafasi kama hiyo kwa tochi. Lakini wazee nao walisema sungura akizeeka hunyonya kwa mwanawe. Walikuwa wajinga? Tena nawaza, bima mtu hulipa akijua atadai, na mimi nilipokuwa naamka usiku kwa ajili yako sikuandika popote. Halafu dada yako akija na kitambaa cha maji ya moto kunikanda mgongo, simfukuzi, namgeuzia. Sasa hiyo ni nini kama si kudai? Sijui. Bibi yako naye alinyoosha miguu.

Dada yako amechoka. Kibanda chake pale soko kuu anakifunga kila siku ya kliniki, na wateja wa mboga hawamngoji mtu. Sikuandika hilo ili kukuvuta. Lakini nikilificha utalisikia kwa wengine, halafu uniulize kwa nini nilinyamaza.

Baada ya sindano huenda nikaandikiwa mionzi. Usianze kuhesabu nauli za Nairobi, siku hizi mashine pale Mulago ni zaidi ya moja, na usiku wa Busia umenitosha ule mmoja.

Sitasema njoo. Nimeazimia hivyo na dada yako ni shahidi, ingawa ananitazama jicho la pembeni. Ila kama utakuja, na sijasema uje, usije wiki ya dawa. Wiki hiyo kila kitu kina ladha ya kijiko cha chuma na mimi ni mtu wa hasira. Ya pili chembe ziko chini na utatoka kwenye ndege na mafua ya watu. Ya tatu ulimi unarudi, naweza kusimama jikoni nikakupikia matoke na mchuzi wa karanga, jerikani ataibeba mwingine. Tarehe anazo dada yako, ile kadi ya kliniki inakaa kwenye mkoba wake. Muulize yeye, usiniulize mimi.

Mama yako,
Walukuba