Mlimani miguu inakataa: tatizo ni nguvu au ni gia?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi ni kijana wa Mbale. Mimi na wenzangu tumezoea kushindana kwa baiskeli katika barabara ya Kapchorwa, kutoka chini hadi Sipi. Baiskeli yangu ni ya kawaida, ya gia moja. Kwenye tambarare ninaongoza, lakini mwinuko ukizidi miguu inakataa, nami hushuka na kuikokota huku wenzangu wakinipita. Wengine wananishauri ninunue baiskeli nyepesi, wengine wanasema nijibanze nyuma ya anayeongoza. Nifuate lipi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ushauri wote huo hauligusi tatizo lako, kwa kuwa anayeongoza kwenye tambarare hakosi nguvu. Kinachokushinda ni gia, na pengine namna unavyouanza mlima.

Tuchukue mahali ambapo barabara inapanda mita 8 kwa kila mita 100, na tuseme wewe na baiskeli yako mna kilo 80. Ili kwenda kilomita 8 tu kwa saa hapo, miguu yako inapaswa kutoa takribani wati 140 za kuushinda uzito peke yake, kiasi ambacho kijana mwenye mazoezi anaweza kukihimili kwa muda mrefu. Sasa tazama baiskeli yako. Ikiwa ina meno 44 mbele na 18 nyuma, kila mzunguko wa pedali unaisukuma karibu mita 5 na nusu, kwa hiyo katika mwendo huo utazungusha pedali mara 24 au 25 tu kwa dakika, na kila mzunguko utakuwa kama kupanda ngazi ndefu mno ukiwa umebeba gunia. Mwenzako mwenye baiskeli ya gia nyingi, akitumia meno 28 mbele na 28 nyuma, huzungusha zaidi ya mara 60 kwa mwendo uleule na kwa wati zilezile, lakini kila mkanyago wake ni mwepesi, na misuli yake haichoki upesi. Fundi anaweza kukufungia nyuma gia yenye meno 22 na kurefusha mnyororo. Utapata nafuu, ingawa si kubwa. Ukiwa na fedha za kununua, tafuta baiskeli ya milimani iliyotumika, yenye gia nzima na breki nzima.

Wepesi wa baiskeli usikusumbue. Kilo 2 zikipungua katika 80, utaokoa kama dakika moja na nusu katika mpando wa saa nzima. Kujibanza nyuma ya mwingine kuna faida kubwa kwenye tambarare, ambako upepo ndio mpinzani mkuu, lakini kwa kilomita 8 kwa saa upepo hukunyang'anya wati chache sana. Tena mwendo mdogo hauna upepo wa kukupoza, kwa hiyo jasho hutoka kwa wingi. Beba maji, na unywe kabla kiu haijakubana.

Kuhusu mwanzo wa mlima, nakusihi uwaache wanaokimbilia mbele waende. Mita mia kadhaa za kwanza ziwe katika pumzi inayokuruhusu kutamka sentensi fupi. Ukishindwa kusema neno, umezidisha, na deni hilo mlimani halilipiki, kwa sababu huko hakuna mahali pa kuacha kukanyaga. Ongeza nguvu baada ya nusu ya njia, ukiwa bado unajimudu.

Hukuniuliza kuhusu kushuka, lakini ndiko ninakokuhofia zaidi. Breki zenu za vyuma zenye vipande vya mpira hupoteza nguvu rimu zikilowa, na mvua ya Elgon haitoi taarifa. Hata pakiwa pakavu, kubana breki mfululizo mteremko mzima huchemsha rimu na kuhatarisha tairi. Barabara hiyo haifungwi kwa ajili yenu, na malori na matatu hutumia kona zilezile. Changeni fedha mkodi pikapu itakayowasubiri Sipi na kuzishusha baiskeli pamoja nanyi. Atakayetaka kushuka kwa baiskeli avae kofia ngumu, abane breki kabla ya kona badala ya ndani yake, na asihesabiwe muda wowote baada ya mstari wa mwisho.