Kuwaleta wanyama waliotoweka kwenye mchezo wa kuigiza mezani

Umeuliza kama mchezo wa kuigiza mezani, ule ambao kila mchezaji huigiza mhusika na dadu huamua matokeo, unaweza kuwafanya watu wawajali wanyama waliotoweka bila kugeuka somo. Unaweza kabisa, ila mnyama asiwe zimwi la kupigwa mapanga.

Ningeanza na nguva wa Steller, mnyama mkubwa wa baharini aliyetoweka. Wachezaji wawe mabaharia wa Vitus Bering, nahodha aliyeitumikia Urusi, meli imevunjika mwaka 1741, njaa inawauma. Mbele yao yupo mnyama mpole wa mita 8 hivi, mla mwani, mzito wa kukimbia. Waache waamue wenyewe. Kikao cha pili kiwe baada ya 1768, nguva hao walipokwisha kutoweka, pwani ile ile: warushe dadu, watafute, wasipate hata mmoja. Miaka 27 tu tangu mabaharia wale wawakute, jamani! Usieleze chochote mpaka mmoja wao aulize nguva wamekwenda wapi.