Maneno yote unayajua, mbona swali linakushinda?

Msomaji mmoja ameniandikia kwa hasira. Anajiandaa na IELTS, mtihani wa kupima Kiingereza, kila neno la kwenye kifungu analijua, lakini likija swali la maana iliyofichika anaanguka. Anauliza aongeze msamiati gani.

Ndugu yangu, usiongeze hata neno moja.

Kuna mwalimu aliwahi kuniambia mbele ya darasa kwamba nasoma Kiingereza kama anayeita majina ya mahudhurio. Wenzangu wakacheka. Leo wanafunzi wake wananitafuta mimi niwaelekeze, na nakiri habari hiyo inanifurahisha kuliko inavyopasa.

Aliyenifungua macho ni Paul Grice, mwanafalsafa Mwingereza aliyetoa mihadhara Harvard mwaka 1967. Anasema msikilizaji huchukulia kwamba mwenzake anasema kweli, anasema ya kutosha, hatoki nje ya mada na haongei kwa kuzungukazunguka. Akionekana kukiuka mojawapo, tunaanza kutafuta anachomaanisha. Mfano wake ni barua ya kumpendekeza mwanafunzi anayeomba kazi ya falsafa: inasifu Kiingereza chake na mahudhurio yake, basi. Kuhusu falsafa yenyewe, kimya. Mwajiri ameshajibiwa.

Kwa hiyo jiulize kila mara: kwa nini kasema hivi na si vile? "Some of the students passed." Angeweza kuandika "all", hakuandika, yaelekea wapo waliofeli. Lakini bado anaweza kuongeza "in fact, all of them did" bila kujipinga. Hilo ni dokezo tu, linafutika.

Sasa tazama "She has stopped smoking". Maana yake alikuwa anavuta. Ikanushe: "She hasn't stopped smoking". Bado alikuwa anavuta! Hiyo haitikisiki kirahisi. Na "Even the manager laughed" inakuambia meneja huyo hakutarajiwa kucheka, ingawa hakuna palipoandikwa hivyo.

Acheni kukariri kamusi, jamani. Someni kwa kumshuku mwandishi: kaacha nini, kaweka neno gani ambalo sentensi ingesimama bila hilo?

Ila shuku kwa ushahidi. Kwenye maswali ya "Not Given", yaani yale ambayo jibu huweza kuwa kwamba kifungu hakikusema, wengi huleta wanayoyajua wao kuhusu mada. Kama huwezi kuweka kidole kwenye neno lililokupa dokezo, dokezo hilo ni lako, si la mwandishi.