Nimeona mwanga nikiwa kwenye japa: je, hii ndiyo samadhi?

SWALI

Shikamoo Guruji. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tanga. Huu ni mwezi wa kumi na moja tangu nianze japa, yaani kurudiarudia jina la Mungu, kwa maneno Om Namah Shivaya, mala (tasbihi) moja kila alfajiri kabla watoto hawajaamka. Mwezi uliopita, nikiwa katikati ya mala, niliona mwanga wa buluu kati ya nyusi, mwili ukawa mwepesi, na nilipofumbua macho kumbe kumeshakucha. Tangu hapo umenijia mara tatu. Mama mmoja wa satsang yetu, kikundi chetu cha ibada, anasema nimeingia samadhi. Kijana anayetufundisha yoga anasema hiyo ni kundalini, nguvu inayosemwa imelala mwilini, imeamka, nijihadhari. Mama yangu mzazi, ambaye ni Muislamu, anasema nina jini. Na mimi nina hofu yangu: mwaka jana tuliambiwa swami fulani huko India "amechukua samadhi", kumbe amefariki. Je, samadhi ni kufa? Niendelee au niache? Siku nyingine zote akili yangu inazurura tu: sokoni, shuleni kwa watoto, kwenye madeni.

JIBU

Marahaba mwanangu. Om Namah Shivaya.

Nianze na hofu, kwa sababu mtu mwenye hofu hasikii mengine. Hutakufa kwa kuvuta mala. Kilichokutisha ni neno moja kubeba mizigo mitatu. Samadhi ni hali ya akili. Hiyo ndiyo maana yake ya asili. Pili, mtawa mkubwa anapoaga dunia, wafuasi hawapendi kusema amekufa, husema amechukua samadhi au mahasamadhi, kama vile sisi tusivyosema mzee amekufa bali ametutoka. Tatu, kaburi lake nalo huitwa samadhi. Ukienda Shirdi, kule India, mahali alipozikwa mtawa Sai Baba mwaka 1918 panaitwa Samadhi Mandir. Alandi, karibu na Pune, watu humiminika kwenye samadhi ya mtakatifu Dnyaneshwar, kijana wa miaka 21 ambaye mwaka 1296 aliketi katika chumba cha chini na mlango ukazibwa. Waumini wake wanaamini bado amekaa mle.

Pengine utauliza mbona Wahindu tuna makaburi, wakati kila mtu anajua tunachoma maiti. Sannyasi, yaani mtawa wetu, siku anapoupokea utawa hujifanyia mwenyewe ibada za mazishi yake. Kwa dunia, huyo ameshakufa. Siku anapokata roho kweli, moto hauna kazi tena juu yake, kwa hiyo mara nyingi huzikwa, tena akiwa ameketishwa kama mtu aliye katika tafakuri. Lakini lugha haina mipaka migumu: hata Raj Ghat kule Delhi, alipochomwa Gandhi mwaka 1948, panaitwa samadhi, naye hakuwa sannyasi wala hakuzikwa pale.

Sasa tuje kwenye mwanga wako.

Patanjali, mwenye Yoga Sutra, kitabu cha kale cha yoga, amezitaja hatua tatu za ndani kwa mfululizo, mwanzoni mwa sura ya tatu. Dharana ni kuifunga akili mahali pamoja. Dhyana ni akili kuendelea kutiririka pale pale bila kukatika. Walimu wa zamani walitumia mfano wa mafuta yanayomiminwa kutoka chombo hadi chombo. Mimina maji, utaona yanadondoka matone matone. Mimina mafuta ya nazi, utaona uzi mmoja. Dharana ni matone, dhyana ni uzi. Samadhi ni dhyana hiyo hiyo, pale ambapo kinachotafakariwa ndicho pekee kinachong'aa, na akili inakuwa "kana kwamba" haina umbo lake. Hilo kana kwamba, kwa Kisanskriti iva, ni neno dogo ambalo wengi hulipita mbio. Akili haijatoweka. Hujazimia, hujalala, wala hakuna mgeni aliyeingia kukaa mahali pako.

Hapo ndipo ninapotofautiana kwa heshima na mama yako. Watu wa pwani tunajua mtu aliyepandisha pepo: anatetemeka, sauti inabadilika, anadai kilemba au marashi, na asubuhi hakumbuki alichosema. Katika kupandisha, mwenye nyumba anatoka na mwingine anaingia. Katika japa, mwenye nyumba anarudi nyumbani. Usibishane na mama yako. Mwambie tu kwamba unalitaja jina la Mungu ukiwa na akili zako, na mpe nafasi akuone unavyoendelea.

Yule mama wa satsang naye nilitaka kumpinga moja kwa moja, nikajizuia, maana Vyasa, mfafanuzi wa kwanza wa Patanjali, angemtetea nusu. Vyasa anaanza kwa kusema yoga ndiyo samadhi. Kisha anaongeza jambo linalowashangaza wanafunzi wangu kila mwaka: samadhi inapatikana katika ngazi zote za akili. Anazitaja tano. Kuna akili inayorushwarushwa, akili iliyozubaa, akili iliyotawanyika ila mara moja moja hutulia, akili yenye ncha moja, na akili iliyonyamaza. Hiyo ya tatu, anasema, hupata samadhi kweli, lakini samadhi yake imemezwa na mtawanyiko, kwa hiyo haihesabiwi kuwa yoga. Kuanzia ngazi ya nne ndipo hesabu inaanza. Kwa hiyo ukiniuliza kama uliionja, nitakujibu huenda uliionja kama anavyoionja kila mtu: mshonaji aliyezama kwenye pindo, mtoto aliyezama kwenye mchezo. Ukiniuliza kama umefika, hapana. Umesema mwenyewe kwamba siku nyingine zote unakuwa sokoni na kwenye madeni. Hiyo ndiyo akili ya tatu, na mimi mwenyewe nakaa humo siku nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Kuna jambo jingine, na usinikasirikie. Unaamka gizani, una watoto wawili, ukafumba macho, mwili ukawa mwepesi, ukafumbua kumekucha. Mala ilikuwa imefika wapi? Kama vidole vilikuwa vimesimama kwenye punje ile ile na kidevu kimeshuka kifuani, mwanangu, ulisinzia. Gaudapada, mwalimu wa kale, katika beti zake juu ya andiko la Mandukya Upanishadi, ameliona hilo tangu zamani: akili inapozama katika usingizi, anasema, iamshe, inapotawanyika, itulize. Usingizi wa kwenye japa ni mtamu, una mianga na wepesi, na umewadanganya watu wazima wenye ndevu. Lakini kama punje zilikuwa zinaendelea kusogea na mantra, yale maneno unayoyarudia, ilikuwa hai ndani, basi huo ni mwanga wa aina nyingine, na Patanjali ameupa nafasi yake.

Nafasi hiyo ni sutra, yaani aya fupi, ya 36 ya sura ya kwanza. Anataja utambuzi wenye nuru, usio na huzuni, kuwa mojawapo ya njia za kuifanya akili itulie. Angalia alikouweka: miongoni mwa visaidizi. Hakuuweka kwenye matunda. Vyasa anaeleza hapo karibu kwamba mpaka mtu aone kitu kimoja kwa nafsi yake, maandiko yote humwia kama habari za kuambiwa. Akishaona hata kidogo, imani inapata mizizi. Mwanga wako ni huo. Ni kama harufu ya wali inayokufikia ukiwa bado njiani. Inakwambia nyumba ipo na jiko limewashwa, ila hujala.

Na Patanjali huyo huyo, sutra ya 30 ya sura ile ile, anahesabu vizuizi tisa vinavyotawanya akili. Ugonjwa upo, uvivu upo, shaka ipo, na kimoja kinaitwa bhranti-darshana: kuona kwa makosa, kudhani umefika kumbe hujafika. Mwanga ule ule unaweza kuwa msaada leo na kizuizi kesho. Inategemea unaufanya nini. Ukiketi alfajiri ukiungoja, tayari umeacha mantra na unaangalia sinema. Ukisimulia kila satsang, watakuja kukugusa miguu, na hapo japa yako imepata mnunuzi. Mtakatifu Ramakrishna wa Dakshineswar, India, alikuwa akisimulia habari ya mtu aliyejitesa miaka 14 msituni mpaka akaweza kutembea juu ya mto. Akaambiwa kwamba wenzake huvuka mto ule ule kwa kumlipa mvushaji senti moja.

Kuhusu kundalini sitasema mengi. Patanjali hakulitaja neno hilo. Ni la mapokeo ya tantra na hatha yoga, yana vitabu vyake na walimu wake, na mantra yako hukupewa kwa njia hiyo. Ninachotaka kujua ni kama huyo kijana amekufundisha kuzuia pumzi kwa muda mrefu. Kama ndiyo, acha leo. Hatha Yoga Pradipika, ambayo ndiyo kitabu chao wenyewe, inasema pumzi hufugwa polepole kama anavyofugwa simba, tembo au chui milia. Vinginevyo humuua anayeifuga. Na kama mwanga unakujia hata ukiwa unapika au unatembea, hasa ukifuatwa na kichwa kuuma upande mmoja, hicho kinaweza kuwa kipandauso au jambo la macho. Nenda hospitali ukapimwe. Shiva hachukizwi na daktari.

Basi aliye katika samadhi anatambulikaje? Swali hilo limeshaulizwa kabla yako, na shujaa Arjuna, katikati ya uwanja wa vita. Sura ya pili ya Bhagavad Gita, ubeti wa 54: mtu aliyesimama katika samadhi huzungumzaje, huketije, hutembeaje? Krishna, Mungu aliyekuwa akimwendeshea gari lake la vita, anamjibu kwa beti 18, na humo hakuna alama hata moja ya mianga kati ya nyusi. Anamtaja mtu ambaye taabu haimtikisi na raha haimlevyi, aliyeachana na tamaa, woga na hasira, anayeweza kurudisha hisia zake ndani kama kobe arudishavyo miguu. Arjuna aliuliza mambo ya nje, kuzungumza na kutembea, akajibiwa kwa mambo ambayo mkwe wako, jirani yako na anayekudai wanaweza kuyashuhudia. Kwa hiyo usinieleze rangi ya mwanga. Nieleze kama miezi hii 11 unawafokea watoto mara chache kuliko zamani. Hilo nitalipokea kama habari ya yoga.

Akili kuzurura isikukatishe tamaa. Arjuna naye alilalamika kwamba kuizuia akili ni kama kuzuia upepo, na Krishna hakumkemea. Alikubali kuwa ni vigumu, akampa dawa mbili, mazoezi na kutoshikamana na vitu. Swami Vivekananda, mwanafunzi wa Ramakrishna, akieleza maneno ya andiko la kale la Kurma Purana, alitoa kipimo hiki: akili ikikaa mahali pamoja sekunde 12, hiyo ni dharana, dharana 12 ni dhyana moja, dhyana 12 ni samadhi. Piga hesabu, utaona samadhi inaanza karibu na dakika 29 za kutokatika hata mara moja. Jaribu tu hizo sekunde 12 za kwanza, utacheka mwenyewe.

Endelea, basi, kwa namna hii. Baki na mala moja, usiongeze kwa sababu ya mwanga. Nawa uso kwa maji baridi, keti wima, na kwa punje 20 au 30 za mwanzo itaje mantra kwa sauti ya chini inayosikika na masikio yako tu, ndipo uihamishie moyoni. Usingizi ukikujia, rudisha sauti. Mwanga ukija, usiufukuze wala usiukaribishe, shika mantra. Siku za hedhi, kama desturi ya nyumbani kwenu ni kutogusa madhabahu, fanya japa ya moyoni bila mala; hiyo haina siku inayokatazwa. Na usivute punje kwa kidole cha shahada. Tumia cha kati na gumba, na ukifika kwenye punje kubwa ya meru usiivuke, geuza mala urudi ulikotoka.