"Punguza sauti": sauti ipi, na ipunguzwe wapi?

SWALI: Mwalimu, hujambo? Mimi ni fundi wa mitambo ya muziki hapa Kondele, Kisumu. Kuna kanisa nililolifungia miksa kubwa (mtambo wa kuchanganya sauti), na vijana wao hupenda kuiunganisha na wufa ya nyumbani, ile seti ya spika za sebuleni, ili waumini walio nje kwenye hema nao wasikie ibada. Sauti ya wufa inapasuka. Nilibandika karatasi ukutani: "Punguza sauti kabla ya kuunganisha." Wanapunguza kweli, lakini bado inapasuka. Katibu wa kanisa anasema ubaya ni Kiswahili changu: ningeandika "teremsha sauti", na lile tundu la nyuma ya wufa ningeliita "pembejeo", si "inputi". Mwenzangu wa Nakuru naye huliita "kiingilio". Nani yuko sawa? Na sisi mafundi tukisema "kumechisha levo", Kiswahili chake ni kipi?

JIBU: Sijambo, fundi. Katibu ana haki ya kulalamika, ila ameshika neno lisilo na hatia. "Punguza" liache lilivyo. Neno lililokuponza ni "sauti".

Sauti ni neno lililotwikwa kazi nyingi. Ni kile kinachotoka kooni mwa mtu, ni ukubwa wa kelele, na ni mwinuko wa noti. Jaribu kumwambia mwanakwaya "teremsha sauti" uone: huenda akaacha sauti ya kwanza akaingia ya pili, huku akiendelea kuimba kwa nguvu ile ile. Ndiyo maana ushauri wa katibu ungezidisha utata. Ukitaka nguvu ishuke, "punguza" linafaa zaidi.

Lakini sauti, kwa maana yoyote kati ya hizo, ni jambo la hewani na la masikioni. Ndani ya waya hakuna sauti. Kuna umeme unaopanda na kushuka kwa kuifuata sauti: kipaza sauti huigeuza sauti kuwa umeme, na spika huurudisha umeme huo kuwa sauti. Kinachosafiri katikati kinahitaji jina lake. Wataalamu wengi huandika "ishara", nami sina ugomvi nao, ila kwa msomaji wa kawaida ishara ni ya mkono au ya barabarani. Mimi hupendelea "mawimbi", kwa kuwa watangazaji wa redio wameshatuzoesha neno hilo. Kwa hiyo pana kiwango cha sauti, ambacho sikio linakipima, na kiwango cha mawimbi, ambacho waya inakibeba. Karatasi yako ilitaja cha kwanza ilhali shida iko kwenye cha pili.

Vijana wale hawakukosea kusoma. Walioambiwa "punguza sauti" wamekwenda palipo na kitufe cha sauti, yaani kwenye wufa. Ila katika vyombo vingi vya nyumbani, mawimbi yakishaingia hupita kwanza kwenye saketi ya mapokezi, ndipo yafike kwenye kitufe hicho. Yakiwa makubwa kupita kiasi hukatwa vichwa hapo mapokezi. Baada ya hapo zungusha kitufe utakavyo: utapata sauti ndogo iliyopasuka badala ya sauti kubwa iliyopasuka.

Kwa nini yawe makubwa kupita kiasi? Ukubwa wa mawimbi hupimwa kwa desibeli (dB), na vipimo vyake viwili ni dBu na dBV. Miksa za kitaalamu kwa kawaida hutengenezwa kwa kiwango cha +4 dBu, ambacho ni volti 1.23 hivi. Vyombo vya nyumbani hutengenezwa kwa −10 dBV, yaani volti 0.316. Cha kwanza kinakaribia kuwa mara nne ya cha pili. Na hicho ni kiwango cha kawaida tu. Kwaya inapopandisha pambio, miksa nyingi zinaweza kusukuma hadi +20 dBu, ambayo ni volti 7.75. Wufa ya sebuleni haikutarajia mgeni wa namna hiyo.

Nikiwa mwalimu wa lugha, napenda jambo moja hapa: herufi ya mwisho ndiyo inayobeba maana. Wengi huchukua 4 na −10 wakasema tofauti ni desibeli 14. Siyo. Kipimo cha dBu huanza kuhesabu kwenye volti 0.775, na cha dBV kwenye volti 1. Ile 0.775 ni urithi wa mitambo ya simu: ndiyo volti inayotoa miliwati 1 kwenye ukinzani wa ohmu 600. Ukiviweka viwango vyote viwili kwenye mizani moja, tofauti ni desibeli 11.8, tuseme 12. Anayeandika "dB" tupu na kuacha herufi ya mwisho hajasema kiwango chochote.

Sasa "kumechisha levo". Wengine wangependekeza "kulinganisha viwango", lakini msomaji wa leo akiona "kulinganisha" huelewa kupima kitu na chenzake, si kukirekebisha. "Kusawazisha" lina nguvu zaidi, na mashabiki wa Gor Mahia wanalijua sana. Lakini hebu fikiria uwanjani: anayesawazisha ni aliye nyuma, naye hupanda kumfikia mwenzake. Kwako wewe ni kinyume, mwenye nguvu ndiye anayepaswa kushuka. Basi kwenye maelezo marefu andika "kusawazisha viwango", na kwenye maagizo taja upande: "shusha kiwango cha mawimbi yanayotoka kwenye miksa". Ukienda upande wa pili, chombo cha nyumbani kikiingizwa kwenye miksa, agizo ni "pandisha", na hapo utasikia kelele ya chini kwa chini ikipanda pamoja na muziki.

Pembejeo ni mbegu, mbolea na dawa. Mkulima wa Kitale atakuja na gunia. Kiingilio ni pesa unazotoa mlangoni. "Ingizo" lingekuwa afadhali, lakini watu wa kompyuta wamelizoea kwa maana ya kile kilichoingizwa, wala si tundu kinapopitia. Sioni sababu ya kutafuta neno moja la kifahari. "Tundu la kuingiza" na "tundu la kutoa" yanaeleweka na kila mtu, hata mtoto anayetumwa kuchomeka waya.

Tena mafundi wengi huita kila kasoro "kukwaruza", halafu hutibu ugonjwa usiokuwepo. Mawimbi yakikatwa vichwa, sauti *inapasuka*, hasa penye nguvu. *Inakwaruza* pale waya au kitufe kimelegea au kimeshika vumbi. *Inavuma*, mvumo mmoja usiokoma, pale umeme wa ukutani, ambao kwetu Kenya hutetema mara 50 kwa sekunde, umepenya kwenye waya za mitambo. Kwenye barua yako umesema "inapasuka", nami nimekuamini.

Kuhusu tiba, miksa nyingi zina matundu ya kurekodia ya aina ya RCA (kama yale ya nyuma ya vyombo vya nyumbani) ambayo tayari yamewekwa kiwango cha nyumbani. Yakiwepo, tumia hayo. Yasipokuwepo, tumia tundu la AUX, yaani tundu la ziada la kutoa mawimbi, kwa sababu kitufe chake hushushwa bila kugusa spika za ndani ya kanisa. Njia ya tatu ni kipunguza mawimbi cha resista mbili (vipande vya kukinza umeme): ya ohmu 10,000 ipitishe mawimbi, na ya ohmu 3,300 iunganishe upande wa wufa na ardhi ya waya, yaani uzi wake wa kurudishia umeme. Hapo mawimbi hushuka kwa desibeli 12 na kidogo. Ukitoka kwenye tundu la XLR (lile la pini tatu) kwenda RCA, soma kwanza kitabu cha miksa kuhusu pini ya 3, kwa maana baadhi hutaka iungwe na pini ya 1 na nyingine hutaka iachwe wazi. Transfoma ndogo ya sauti hukuondolea swali hilo, na mara nyingi hunyamazisha mvumo pia.

Karatasi yako mpya ningeiandika hivi: "Waya ya wufa ichomekwe kwenye tundu la AUX la miksa. Sauti ya wufa ikipasuka, shusha kitufe cha AUX kwenye miksa, si cha wufa." Neno "sauti" limebaki mara moja tu, mahali ambapo sikio ndilo linaloamua.

Ukiwasomea vijana zile namba, +4 ni "chanya nne" na −10 ni "hasi kumi". Usiseme "kutoa kumi", kwa sababu ukiisema karibu na "tundu la kutoa", kuna atakayechomoa waya.