Manjano ya chunguni, manjano ya kikombeni

Mwaka juzi nilianza kunywa manjano. Siyo yale ya kwenye mchuzi. Kijiko kizima cha mezani kila alfajiri, maji ya moto, ndimu, na pilipili manga ya kutwanga juu yake. Jirani ndiye aliyenielekeza, naye aliokota kwenye kundi la WhatsApp: eti ni ya kusafisha ini. Nilipoona mwili uko vilevile, nikaongeza vidonge vya manjano vya kopo, viwili kutwa.

Wiki ya saba mkojo ukawa kama chai ya rangi. Nikawa sitaki hata harufu ya chakula, na ngozi inawasha usiku kucha.

Daktari alipima homa ya ini B na C, hakuna kitu. Vimeng'enya vya ini vilikuwa juu sana. Akaniuliza, "Dada, kuna dawa yoyote unatumia?" Nikasema hapana. Sikumdanganya, manjano kwangu si dawa, ni kiungo. Akauliza tena, nikakana tena. Aliyeniumbua ni mama yangu, niliyekuwa nimefuatana naye: "Mwambie na yale maji yako ya njano."

Nikaacha vyote siku ileile. Baada ya miezi miwili hivi vipimo vilirudi sawa.

Alivyonieleza daktari ni hivi. Kile kiini cha manjano, kurkumini, mwili hauchukui kirahisi, kingi kinapita tu na kutoka. Pilipili manga ina piperini, ambayo inalizuia ini lisikivunje upesi. Utafiti mmoja wa 1998 ulikuta kwamba kwa piperini kurkumini inayoingia mwilini huongezeka mara 20. Ndiyo maana vidonge vingi siku hizi huchanganywa na pilipili manga, wauzaji wakijisifia hapohapo. Kwa watu wachache ini halistahimili mzigo huo. Kijiko kidogo kwenye sufuria ya watu wanane ni habari nyingine kabisa, na mimi mchuzi wangu ungali wa njano hadi leo.

Mama naye ana sukari na presha, na kreatinini yake, taka ya damu inayoonyesha figo zinavyochuja, imeanza kupanda. Huyu ndiye aliyenifanya nisome zaidi, maana alikuwa ameshaagiza mbirimbi za juisi. Ameambiwa zinashusha sukari. Mbirimbi mbili tatu kwenye mchuzi wa samaki hazina neno. Lakini zina kemikali iitwayo oksaleti kwa wingi, na ukizikamua glasi nzima oksaleti hiyo huganda kwenye figo. Kule Kerala, India, watu wamelazwa figo zimegoma baada ya kunywa juisi yake nzito. Manjano pia yana oksaleti inayoingia mwilini kwa wepesi, kwa hiyo kama uliwahi kutoa mawe ya figo, usiyageuze kinywaji. Zile mbirimbi tulizitia achari.

Mdalasini uangalie unaponunua. Ule mwembamba, unaojikunja tabaka nyingi kama karatasi na kuvunjika kwa vidole, una kidogo mno ya kemikali iitwayo kumarini. Gome nene gumu, lenye mkunjo mmoja, linalotoka nje ya nchi, limejaa kumarini, na ikizidi hudhuru ini kwa baadhi ya watu. Kwa huo mnene, mtu wa kilo 60 anaetumia kila siku asivuke gramu 2, hata kijiko cha chai hakijai. Kwenye pilau ya Ijumaa huna haja ya kupima. Nawasema wale wa kijiko kila asubuhi kwenye uji. Mimi nanunua wa Muheza, nausaga mwenyewe.

Manjano nayo nanunua mizizi mikavu. Bangladesh waligundua wafanyabiashara wakiyapaka rangi yenye madini ya risasi ili yang'ae, na risasi ni adui wa figo na ubongo wa mtoto. Walipoyasaka sokoni, mwaka 2019 karibu nusu ya sampuli zilikuwa nayo. Serikali ikabana, na 2021 haikuonekana tena. Unga unaong'aa kupita kiasi mimi naupita. Pilipili kavu zenye ukungu natupa zote, sichambui. Na mafuta ya karafuu yawekwe mbali na watoto: mililita chache zikinywewa zinaweza kuua ini.

Kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, mwambie daktari kuhusu tangawizi na kitunguu saumu unavyomeza kama tiba. Usingoje akuulize mara tatu.

Faida kubwa ya viungo kwa figo za mama imekuwa kupunguza chumvi. Vile vidonge vya mchuzi, ambavyo vimejaa chumvi, vimetoka jikoni. Nakaanga bizari nyembamba na giligilani mpaka zinukie, natwanga, namalizia na ndimu. Chumvi mbadala sikununua, kwa sababu nyingi ni potasiamu, na figo dhaifu hazimudu kuitoa.

Mama hali bila kunung'unika. Juzi nafua kanga yake, nikakuta pindoni kafunga fundo. Nimelifungua: chumvi ya mawe.