Kabla hujasema kaka kakufungia namba: simu yako imefia wapi?

Mleta uzi, nimesoma michango yote tangu ukurasa wa kwanza. Kwa walioingia sasa hivi: ndugu yetu anasema hii ni wiki ya tatu, kila akimpigia kaka yake mkubwa anaambiwa "namba unayopiga haipatikani kwa sasa". Mkewe, mwenye laini ya mtandao mwingine, akipiga inaita na kaka anapokea. Karibu wachangiaji wote wamemwambia kafungiwa namba, akubali yaishe. Naye ameshamtumia kaka yake maneno ambayo sasa anatamani angeyafuta.

Mimi siamini kwamba umefungiwa. Nimefanya kazi miaka tisa kwenye chumba cha mitambo ya simu, upande wa swichi, yaani mitambo inayounganisha simu moja na nyingine, na sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kufuatilia simu zilizofia njiani. Naandika kwa urefu kwa sababu nimeona watu wa damu moja wakikosana kwa ajili ya mstari mmoja uliokosekana kwenye jedwali la njia.

Ukibonyeza kitufe cha kupiga, simu yako haimtafuti kaka yako. Inaomba nafasi kwenye mnara ulio karibu, kisha inaikabidhi namba kwa swichi inayokuhudumia. Swichi inakuangalia wewe kwanza: laini hii ni halali? Ina salio? Imezuiwa kupiga nje ya nchi? Ukipita hapo ndipo inasoma namba uliyopiga, kuanzia tarakimu za mwanzo, ikizilinganisha na jedwali lake. Mstari wa jedwali unaolingana na tarakimu nyingi zaidi ndio unaoshinda, na mstari huo ndio unaosema simu itoke kwa njia ipi.

Simu ikifika kwenye mtandao wa anayepigiwa inapokelewa na swichi ya mlangoni. Hiyo nayo haijui kaka yuko wapi. Inaiuliza HLR, yaani rejista kuu ya wateja, nayo inajua ni swichi gani iliyomwona kwa mara ya mwisho. Swichi hiyo inatoa namba ya muda, ya kuazima, ambayo kazi yake ni kuivusha simu hii moja tu, kisha inarudishwa itumike kwa mwingine. Baada ya hapo minara yote ya eneo alipo inaita kwa pamoja, simu yake inaitika kwamba ipo, na ndipo inapolia. Ule mlio wa kuita unaousikia sikioni hautoki kwenye simu yake, bali kwa kawaida hutengenezwa na swichi ya upande wake. Wengi hawalijui hili, na ndiyo maana wanajenga hoja nzima juu ya "iliita mara mbili halafu ikakatika".

Kwa hiyo simu ina sehemu nyingi za kufia, na kila inapokufa mtambo hurudisha namba ya sababu. Namba hizi zimewekwa na shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU. Namba 1 ni kwamba namba hiyo haijagawiwa mtu. 17 ni kwamba mtu anaongea. 19, imeita lakini hakupokea. 20, mteja hayupo hewani. 21, simu imekataliwa. 34, hakuna nafasi njiani. Kwenye mitandao mipya inayobeba sauti kwa itifaki ya SIP, yaani kanuni za kuanzisha na kukata simu kwa njia ya intaneti, utakuta 486 kwa anayeongea, 603 kwa aliyekataa, 404 kwa namba isiyojulikana, lakini mantiki ni ileile.

Sasa shika hapa. Wewe huisikii namba ya sababu. Unasikia sauti iliyorekodiwa, na kuna mtu aliyeketi akaamua sababu ipi iunganishwe na rekodi ipi. Nimewahi kufungua jedwali la namna hiyo nikakuta sababu kumi na kitu zimeelekezwa kwenye rekodi moja, "haipatikani". Ndani yake mlikuwa na simu iliyozimwa, simu iliyo mahali pasipo na mtandao, njia iliyokatika kati ya swichi mbili, na hata namba ambayo jedwali halikuitambua. Wote hao wakasikia sauti ileile ya upole, na kila mmoja akaielewa kwa namna yake.

Kufungia namba kwa kawaida hufanyika ndani ya simu ya mkononi yenyewe. Mtandao unakuwa umeshamaliza kazi yake: umemtafuta, umempata, umeifikisha simu. Ni kifaa chake kinachosema "huyu simtaki", kimyakimya, bila kulia. Hapo mpigaji mara nyingi husikia mlio wa kuongea na mtu mwingine, au inaita kidogo na kukatika, au anapelekwa kwenye ujumbe wa sauti. "Haipatikani" si dalili ya kwanza ya kufungiwa kwenye kifaa. Ipo pia huduma ya kufungia namba inayotolewa na mtandao wenyewe, na hiyo inaweza kucheza rekodi yoyote waliyoichagua, kwa hiyo siwezi kuifuta kabisa. Lakini jiulize kama kaka yako ni mtu wa kwenda kujiandikisha kwenye huduma kama hiyo.

Niwape kisa kimoja. Usiku, zamu yangu, likaja lalamiko la binti aliyekuwa akimpigia mama yake aliyeko nchi nyingine. Mama alikuwa amenunua laini mpya na kumtumia namba. Kila akipiga anaambiwa namba haipo. Akipigiwa na mama, simu inaingia vizuri. Nikafungua kumbukumbu ya simu yake kwenye kioo. Ombi lilitoka kwetu saa 3 na dakika 14 usiku, na jibu la kukata lilirudi kabla sekunde moja haijaisha, likiwa na sababu namba 1. Hiyo kasi ndiyo iliyoniambia kila kitu. Kuuliza rejista, kuazima namba, kuita kwenye minara na kusubiri simu iitike huchukua sekunde kadhaa. Jibu la chini ya sekunde moja maana yake simu haikufika hata karibu na mama. Imekufa kwenye swichi ya katikati.

Nikawapigia wenzetu wa kampuni ya kati iliyobeba simu zetu kuelekea kule. Kundi la namba alimokuwa mama lilikuwa limegawiwa karibuni, na wao walikuwa hawajaliingiza kwenye jedwali lao. Fundi wa upande wa pili akaongeza mstari mmoja. Nikajaribu, ikaita. Nilimpigia binti mwenyewe ajaribu tena, ingawa haikuwa kazi yangu kupigia wateja. Alikaa kimya kidogo, kisha akaniambia kwamba siku mbili zilizopita alikuwa amemwandikia mama yake kuwa amechoka kudanganywa. Sijasahau ule ukimya.

Ndiyo maana niliposoma mchango wako wa tatu nilisimama. Umeandika, kama jambo la kupita tu, kwamba kaka "alihama mtandao mwezi uliopita ila namba hakubadili". Mkuu, hapo ndipo penye shida yako, na hakuna aliyepagusa.

Mtu akihama na namba yake, tarakimu za mwanzo zinakuwa hazisemi tena ukweli. Namba inaonekana ya mtandao wa zamani, mwenyewe yuko kwa wapya. Kwa hiyo kila mtandao unapaswa kuangalia orodha ya waliohama kabla ya kuitoa simu, na mingi huweka nakala yake ya orodha hiyo na kuisasisha kila mara. Rekodi moja ikikosekana kwenye nakala ya mtandao wako, simu zako zinapelekwa kwenye nyumba ya zamani, ambako kaka ameshafutwa kwenye rejista. Jibu linarudi, linaangukia kwenye rekodi ya "haipatikani". Mtandao wa mkeo una nakala sahihi, kwa hiyo yeye anapita. Picha yote uliyoieleza inakaa sawa bila mtu yeyote kuwa amekuchukia.

Hili linapimika. Mwombe mtu mwingine mwenye laini ya mtandao uleule wa kwako ampigie kaka. Naye akiambiwa haipatikani, suala la kufungiwa limekwisha, maana kaka hawezi kuwa amemfungia mtu asiyemjua. Jaribu pia kupiga ukianza na #31# mbele ya namba, ili namba yako isionekane upande wake (si kila mtandao unaruhusu). Ikipita ukiwa umejificha na kugoma ukiwa wazi, basi hapo kweli kuna kitu kinaitambua namba yako na kuikataa. Ikigoma zote mbili, tafuta njiani.

Na uhesabu ukimya kabla ya ile sauti. Simu inapozimwa kwa utaratibu huuaga mtandao, kwa hiyo jibu huja upesi. Ikizimika ghafla au ikiingia mahali pasipo na mawimbi haiagi, na minara inaita bure kwa sekunde kadhaa kabla ya kukata tamaa. Ukipata jibu la papo hapo wakati una hakika kaka ana simu mkononi na mtandao umejaa, hiyo ni dalili nyingine ya njia mbovu.

Kuna aliyesema ni msongamano wa mnara. Msongamano upo, na kwa lugha ya mitambo huo nao huitwa kuzuiwa kwa simu, bila mtu yeyote kuamua. Mdenmark A. K. Erlang alitoa kanuni yake mwaka 1917 na hadi leo inatumika. Chukua mnara mdogo wa GSM, yaani wa simu za kizazi cha pili, wenye nafasi saba za maongezi. Wateja wakihitaji kwa wastani nafasi tatu kwa wakati mmoja, simu mbili hivi katika kila mia zitakosa. Wakihitaji saba, ambazo ungedhani zinatosha kabisa, karibu robo ya simu zote zinakataliwa, kwa sababu watu hawapigi kwa zamu. Lakini msongamano huja na kuondoka kwa saa za siku. Haumchagui mtu mmoja kwa wiki tatu mfululizo.

Na aliyeandika kwamba kaka apige *#21# kuona kama simu inadukuliwa, naomba asiwatie watu hofu. Msimbo huo unaonyesha tu kama simu zote zinazoingia zimeelekezwa kwenye namba nyingine. *#62# ni kwa uelekezaji wa pale simu isipopatikana, na *#35# ni kuona kama kuna kizuizi cha simu zinazoingia. Kaka avipige vyote, havina madhara, ila kwa kuwa mkeo anampata sitarajii kuona kitu.

Ukienda huduma kwa wateja, nenda kwa mtandao WAKO, si wa kaka, kwa sababu nakala mbovu iko kwenu. Usiwaambie "simu haziendi", maana watakuambia uzime na kuwasha. Wape namba inayopiga, namba inayopigiwa, tarehe, saa na dakika za majaribio matatu, maneno hasa uliyoyasikia na baada ya sekunde ngapi. Sema waziwazi kwamba namba hiyo imehama mtandao na unaomba rekodi yake ya kuhama ikaguliwe upande wao. Sentensi hiyo ndiyo itakayolitoa lalamiko mezani na kulifikisha kwa mtu wa swichi.

Leo jioni chukua simu ya mkeo umpigie kaka. Mwombe radhi kwanza. Kisha, akiwa bado hewani na simu ya mkeo, wewe piga kwa laini yako na umuulize kama ameona chochote kwenye kioo chake: kusubiri, simu iliyokataliwa, chochote. Akisema hakuna, andika dakika hiyo kwenye karatasi. Hilo ndilo jaribio la kwanza la kuwapelekea.